Migomba ya Nyuma ya Nyumba

Kuna watu wanaosema sisi wake wa askari tulikuwa tunakaa bure kambini, tunangojea mwisho wa mwezi. Naandika hili nikiwa na hasira, na sijui kama hasira ni kitu kizuri cha kuandikia, maana niliishia darasa la sita. Lakini nitajaribu kumpa kila mtu haki yake, hata yule afande wa usafi wa kambi.

Ilikuwa miaka ya sabini, wakati sabuni, sukari na mafuta ya taa vimekuwa vitu vya kusikia tu. Mume wangu alikuwa koplo. Tulikaa katika nyumba za laini, kwenye kambi moja upande wa Kasese, magharibi mwa Uganda: vyumba viwili vidogo, ukuta mmoja na jirani, bomba moja kwa laini nzima. Watoto walikuwa watano, na posho ya kambi haikuongezeka kwa sababu ya wingi wao. Mume wangu aliniambia waziwazi, bila ubaya, kwamba chakula kikipungua tena wale wawili wakubwa wataenda Bwera kukaa kwa mama yangu. Mama yangu asingewatesa hata kidogo. Ila msichana wangu mkubwa alikuwa ameanza kusoma vizuri, na mdogo wake alikuwa bado analia usiku akiota. Nilitaka walale mahali ninapoweza kuwasikia. Kwa hiyo kila kitu nilichofanya pale nyuma ya nyumba nilikifanya kwa sababu hiyo moja.

Sikubuni kitu. Nilifanya vile mama alivyofanya Bwera nilipokuwa mdogo, miaka ya sitini, wakati hakuna aliyeona jambo la ajabu ndani yake. Mama hakumwaga maji yaliyotumika mara moja tu. Maji ya kuoshea mboga yaliosha vyombo, ya vyombo yalikwenda kwenye mgomba. Majivu yalisugua sufuria. Maharagwe aliyachemsha kidogo tu, kisha akakitia chungu, bado kinatokota, ndani ya kapu lililojaa majani makavu ya mgomba, akafunika kwa blanketi kuukuu na kwenda shambani. Akirudi, maharagwe yameiva na kuni bado zipo.

Kambini nilianza na kapu hilo. Jirani yangu, mke wa sajini, mama wa kutoka kaskazini mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya uwanja, aliniona nafunika chungu akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mama, sasa unalaza maharagwe kitandani? Utayaimbia pia?"

Nilimwambia angoje mchana. Mchana alikula, na kesho yake alikuja kuomba majani makavu.

Baadaye nikaongeza jiko la makapi ya kahawa. Mashine za kukoboa kahawa kule Bwera zilitupa makapi marundo kwa marundo, na madereva wa lori hawakukataa kuniletea gunia. Unachukua mkebe mkubwa, unatoboa tundu chini ubavuni, unasimamisha chupa katikati, unashindilia makapi pande zote, kisha unaichomoa chupa taratibu. Linabaki shimo kama koo. Ukiwasha kwa chini linaungua polepole asubuhi nzima. Moshi wake ni mbaya, siwezi kuficha. Mke wa sajini alikohoa kwa sababu yangu mara nyingi, na alikuwa na haki ya kulalamika. Nikahamishia jiko nje.

Lakini kazi kubwa ilikuwa shimo. Nyuma ya laini yetu maji machafu ya nyumba zote yalitiririka ovyo, yakatengeneza tope la kijani ambalo bata walilipenda kuliko sisi. Nilichimba shimo la kina cha magoti, nikatupa ndani maganda ya matoke, majivu, nyasi, kila kinachooza, nikachonga mfereji mdogo ulete maji ya kuogea na kufulia. Pembeni nikapanda migomba niliyoleta kutoka Bwera, katikati yake mchicha ule tunaouita dodo, na maboga. Kasese kuna joto kali, udongo wake ni mkavu, lakini pale kwenye shimo palikuwa na unyevu daima. Tope likakauka. Migomba ikakua kwa kasi ya kunitia woga, kana kwamba kuna mtu atakuja kuidai. Wanawake wengine wakachimba mashimo yao. Kwa muda mrefu hakuna aliyezungumza habari za Bwera nyumbani kwangu.

Kisha akaja afande mpya wa usafi. Kila Jumamosi alipita na fimbo yake kwapani. Yeye alitaka uwanja mtupu, uliofagiwa mpaka ufagio uache mistari, na mawe ya pembeni yapakwe chokaa inayochimbwa Muhokya, hapo jirani. Alisimama mbele ya shimo langu akaonekana kama mtu aliyekanyaga kitu.

"Hii majani yote ni ya nini? Hapa ni kambi, si kijiji. Ondoa."

Nilimweleza kwamba hakuna maji yanayosimama, yote yanaingia ardhini. Nilimwomba aangalie mwenyewe. Haki yake ni hii: mtoto wa nyumba ya tatu alikuwa ameugua malaria wiki ile, na afande alikuwa ameambiwa mbu wanatoka kwenye majani. Alikuwa na sababu ya kuogopa. Mimi mwenyewe nililala siku hizo nikijiuliza kama mfereji wangu ndio uliomuumiza mtoto wa watu. Nikaenda kuangalia kila asubuhi, nikachokora kwa kijiti. Sikuona viluwiluwi. Niliwaona kwenye pipa lililokuwa wazi pale bombani, pipa la kambi. Nilimwambia afande habari ya pipa. Alisema pipa halimhusu.

Akatupatia muda wa kuiondoa migomba. Mume wangu alinisihi nisibishane, maana koplo anayeshindwa kumtawala mke wake huchekwa mbele ya gwaride. Hilo nalo lilikuwa kweli. Mikungu yangu ilikuwa bado michanga, vidole vyake vyembamba kama vya mtoto. Nilihesabu kwamba nikivuta muda miezi miwili mitatu, ikomae, basi baadaye wakate wanavyotaka.

Hatukupata muda huo. Ikaja habari kwamba mkubwa kutoka Kampala atapita kukagua kambi. Chokaa ikapakwa juu ya chokaa. Na sasa nasema jambo ambalo hata leo likinijia naweka chini kalamu kwanza.

Kwetu Uganda mgeni wa heshima akija, barabara hupambwa kwa migomba. Inakatwa mizima, inasimamishwa pande mbili za njia, pengine na mikungu yake ikining'inia, ili mgeni apite katikati ya kijani. Ni desturi nzuri. Nimeiona harusini, nimeipenda. Asubuhi ile nilitoka bombani na ndoo nikakuta askari vijana nyuma ya laini na mapanga. Walikata migomba yangu yote, na ya wanawake wengine, wakaibeba mabegani kwa furaha kama watu wanaokwenda sherehe. Mmoja alinisalimu vizuri kabisa. Hakujua. Walikuwa wamepewa amri, na migomba ya karibu kuliko yote ilikuwa ile iliyoitwa uchafu.

Nilifuata mpaka getini. Afande alikuwa anaonyesha kwa fimbo wapi usimame mgomba upi. Mke wa sajini alikuja nyuma yangu, na wengine watatu wanne, wote na khanga za kazini. Sikupandisha sauti. Naapa sikupandisha.

"Afande," nikamwambia, "mgomba ukisimama nyuma ya nyumba yangu ni uchafu. Ukisimama hapa ni heshima. Naomba unielekeze nipande wapi ili watoto wangu wale."

Mke wa sajini akasema kwa sauti yake ile kwamba mgeni na ale basi hayo majani, kwa kuwa yamekatwa kwa ajili yake. Askari vijana wakatazama chini, mmoja akauma mdomo asicheke.

"Mama," afande akasema, na safari hii hakunifokea, "mimi napewa amri kama mume wako. Rudi nyumbani."

Nadhani alisema kweli. Nadhani pia mtu anaweza kusema kweli na bado akawa amekula chakula cha watoto wa mwenzake. Yote mawili nayaandika.

Mgeni alipita mchana. Madirisha ya gari yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya vumbi. Hakuteremka kwenye laini zetu, wala hakuona nyuma wala mbele.

Mwezi ule posho ilikuwa ndogo kuliko kawaida. Dodo lilikanyagwa lote siku ya mapanga, maboga yakaburutwa. Machipukizi yalikuwa yanatoka kwenye visiki, na nilijua yatakuwa migomba tena, lakini mgomba haujui kuharakisha kwa ajili ya mtu mwenye njaa. Mume wangu hakusema tena ile habari ya Bwera. Alileta tu sanduku la mbao, akaliweka mlangoni, akaenda kazini mapema.

Niliwafungia watoto wawili nguo zao. Msichana alitaka kujua kama shule ya Bwera ina vitabu, nikasema ipo shule, sikusema habari ya vitabu. Tulipanda lori la kwenda Bwera kupitia Kinyamaseke, wao wawili katikati ya magunia, mimi pembeni nimeshika sanduku. Tulipotoka getini, migomba yangu ilikuwa bado imesimama pande mbili za njia, imekauka rangi ya kahawia, mikungu imesinyaa na kuwa myeusi. Hakuna aliyekuwa amepewa amri ya kuiondoa.