Ukigeuka, Bei Hupanda

Shule niliiacha mapema, lakini maswali sikuyaacha. Nilitoka Mombasa nikakaa Dubai, Dubai ikanichosha nikaingia Guangzhou, miaka ile ambayo kila mtu wa kwetu mwenye pasipoti aliiona Uchina kama bohari lisilo na mlango. Nilifunga mizigo kwa mawakala wa Xiaobei, mtaa wa wafanyabiashara wa Kiafrika pale mjini, na kwa kuwa Kichina cha sokoni kilinikaa upesi, wafanyabiashara walinichukua niwasemee. Nilipanga chumba kwa mwanamke wa Mombasa aliyenunua mapazia na mashuka ya kupeleka nyumbani. Alikuwa na binti wa miaka tisa, aliyeletwa huko akiwa bado hajajua kutembea. Kichina alikisema kama waliozaliwa pale. Kiswahili alikisema na mama yake, na mimi, ambaye aliniita Mjomba.

Binti yule alitaka kitu kimoja tu duniani: kurusha mpira wa besiboli. Katika jengo ambalo mama yake alinunulia bidhaa palikuwa na duka la vifaa vya michezo vya kuuzwa Marekani, na mwenye duka alikuwa na televisheni iliyoonyesha mechi mchana kutwa. Mama akibishana ghorofani kuhusu mapazia, mtoto alikaa chini akitazama. Siku moja mwenye duka akampa glavu iliyoshonwa vibaya, isiyouzika. Akawa analala nayo.

"Mchezo gani huu wa kutupiana mawe?" mama yake alimwuliza.

"Si mawe, Mama. Na anayerusha ndiye mkubwa wa uwanja."

"Mkubwa wa uwanja, kitanda hajatandika."

Alirusha kwa mkono wa kushoto. Mkono huo mama yake alikuwa ameupiga makofi miaka mingi mezani, maana kwetu kushoto kuna kazi yake, na haitajwi watu wakila. Juu ya paa bapa la jengo letu nilimtundikia boksi la mizigo, naye akalipiga kwa mpira mahali palepale mpaka likatoboka.

Kwenye maboksi ya lile duka kulikuwa na picha za wachezaji weusi. Aliniuliza wametoka wapi, nami nikamwuliza mwanafunzi mmoja wa Kitanzania tuliyekuwa tukila naye mkahawani. Akanieleza kwamba zamani huko Marekani mweusi hakuruhusiwa kucheza na weupe. Waliunda timu zao, wakasafiri na kulala popote walipopokelewa, na waliorusha vizuri kuliko wote walizeeka bila kuitwa kwenye timu kubwa. Nilimsimulia binti yote. Akacheka.

"Watu wa zamani walikuwa wajinga, Mjomba."

Asubuhi ileile, ndani ya basi, mwanamke aliyekaa karibu naye aliinuka huku ameziba pua. Binti aliiweka glavu yake kwenye kiti kilichobaki wazi, akaendelea kutazama nje.

Karibu nasi palikuwa na uwanja ambao watoto walifanyia mazoezi kila Jumamosi. Nikampeleka. Kocha, mwanamume wa makamo mwenye sauti iliyokwaruza, alimwona akirusha mpira ukutani, akamwita. Akamrushisha tena, na tena. "Wa kushoto!" alisema, akicheka peke yake. Nilipomwambia mama mtu kwamba kinachotakiwa ni mkono ule, aliushika akaugeuzageuza kama kitambaa asichokiamini.

"Huuhuu?"

Alifanya mazoezi na wenzake mpaka joto likaingia. Mashindano yakakaribia, jezi zikaletwa. Yake haikuwamo. Kocha aliniita pembeni. Wazazi hawataki, alisema. Wanalalamika kwamba watoto wao wanakunywa maji naye, na kwamba picha ya timu itatundikwa shuleni, watu wataiona. Anaweza kuja mazoezini wenzake wakishaondoka, amfundishe peke yake. Jezi hapana, mechi hapana, picha hapana. Alisema yote hayo akiangalia viatu vyake.

Jumamosi iliyofuata mama alikuja mwenyewe, amevaa buibui lake la sikukuu.

Lazima nieleze jinsi alivyokuwa akifanya kazi. Xiaobei, kukataliwa si jibu. Ni bei ya kwanza. Ukiambiwa "mei you", yaani hakuna, unangoja, na mzigo unatolewa chini ya meza. Ikishindikana kabisa, unaondoka. Unatembea bila haraka, bila kugeuka, na kabla hujafika kwenye lifti muuzaji anapaza sauti: "Pengyou!" Rafiki, rudi! Mama yule alikuwa bingwa wa kuondoka. Nimeona wauzaji wakimkimbilia na kikokotoo mkononi.

"Mwambie avae jezi na acheze," aliniambia, "au hatuji tena, hata hayo mazoezi."

Nikasema. Kocha akajibu: mazoezi ndiyo, mechi hapana.

"Basi mwambie picha waache. Lakini acheze."

"Dada, huyu si muuzaji."

"Wewe sema ninavyokwambia."

Nikasema. Kocha akatikisa kichwa. Mama akamshika binti mkono.

"Twende. Na usigeuke. Ukigeuka, bei hupanda."

Tukaondoka. Alitembea mwendo wake wa sokoni, na tulipofika langoni akasimama kuurekebisha mtandio ambao haukuwa na tatizo. Nyuma yetu filimbi ililia, kisha nikasikia gongo likiupiga mpira. Binti akageuka.

Njia nzima mama alifoka. "Alikuwa karibu kuita! Nilimwona uso wake. Umegeuka wewe, akajua tuna haja. Nani atashusha bei kwa mtu mwenye haja?"

Siku zilizofuata, kila tulipokuwa wawili, binti aliniuliza: "Mjomba, kama nisingegeuka, angeniita?"

Mimi swali lisilo na jibu huninyima usingizi. Nikarudi uwanjani, nikamwuliza kocha kwa nini hakutuita. Hakunielewa.

"Kuwaita? Mama yake alikataa mazoezi. Wazazi walifurahi, mambo yakaisha bila kelele."

Nikamweleza kwamba kule kuondoka kulikuwa kupatana bei, kama sokoni.

"Hata mngesimama pale mpaka jioni," alisema, "mechi nisingempa. Mazoezi ningempa. Sasa wazazi wanajua ameondoka. Nikimrudisha wataniuliza."

Nilimkuta binti juu ya paa, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kati ya mashuka yaliyoanikwa. Nikamwambia neno kwa neno, nikidhani ninamtua mzigo.

"Kwa hiyo si kwa sababu niligeuka."

"Si hivyo. Hata ungetembea umekakamaa kama mlingoti."

Aliuangalia mkono wake wa kushoto, kisha akauweka chini ya paja, akaukalia.

"Bora ingekuwa niligeuka," alisema. "Siku nyingine nisingegeuka."