Apu Isiyotaja Jina

Rafiki yangu, wewe nakuamini, ndiyo maana nakuambia jambo ambalo nikilisema sokoni watu watacheka. Nimewahi kufunga na kuomba kwa sababu ya apu za simu. Nilikuwa nazo mbili, nikataka Mungu anionyeshe nibaki na ipi.

Nakaa Voi, kwenye ploti ya nyumba za kupanga. Jioni naenda darasa la watu wazima kwa shule ya msingi iliyo karibu, najitayarisha kwa mtihani wa kidato cha nne, na umri wangu huu wa arobaini na kitu. Mwalimu wa kompyuta ndiye alituonyesha apu za kupanga kazi. Unaandika kazi na saa yake, unaalika wenzako, kila mmoja anaiona kwa simu yake. Kazi ikishafanywa, unabonyeza kiduara na kinajaa rangi. Nilijaribu na mwenzangu wa dawati. Nikabonyeza kwangu, kikajaa kwake! Nikasema "Bwana asifiwe!" kwa sauti, darasa lote likageuka kuniangalia.

Wao waliona mchezo. Mimi nilimwona mama mkwe wangu.

Tulikuwa tumemshusha kutoka milimani aje akae nasi sababu ya ugonjwa wa sukari. Saa kumi na mbili jioni lazima ameze kidonge, halafu ale hapo hapo. Lakini alikuwa ameanza kusahau. Ukimuuliza kama amemeza, anasema ndiyo. Ukimuuliza tena, anasema bado. Yote kwa upole, hana ubishi. Saa hiyo mimi niko darasani, na mume wangu yuko safarini na lori. Nilikuwa nimeshaamua kuacha masomo. Wanawake wa kikundi chetu cha maombi, majirani zangu wa hapo hapo, ndio walikataa.

"Nenda usome," wakaniambia. "Sisi watano tunashindwa na kidonge kimoja?"

Basi nikawaalika kwa ile apu ya kwanza. Ilikuwa na rangi kama kitenge kipya. Ukibonyeza kiduara, picha yako inatokea kwa simu za wote, na jina lako, na nyota. Mwenye nyota nyingi anapandishwa juu kabisa. Nyumba yetu haikuwa na zamu, yeyote aliyepata nafasi aliingia. Na aliyepata nafasi mara nyingi ni dada mmoja anayeuza mboga stendi, mwepesi wa mguu. Nyota zake zikawa nyingi.

Wenzake wakaanza. "Mama Nyota, huko mbinguni umeshachagua kiti?"

"Utuwekee nafasi basi, hata pale nyuma!"

Tulicheka sana, na mimi nilicheka. Yeye pia alicheka. Sikujua kwamba neno lilimwingia. Sisi tumelelewa kanisani kwamba jambo jema unalifanya kimya, Mungu akiona imetosha. Sasa hapa kuna simu inampigia debe.

Akaendelea kuja, lakini akaacha kubonyeza.

Jioni moja alimpa mama dawa, akampa ugali na sukuma wiki, akaenda zake. Kiduara kikabaki kitupu. Mwenzetu mwingine, mwalimu mstaafu wa nasari, akakiona kitupu, akakimbia kuja. "Mama, umemeza dawa?" Mama akasema bado. Akampa cha pili.

Niliporudi nilimkuta mama kwa kiti anatetemeka, jasho baridi limelowesha leso yake, ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa. Nikamnywesha maji ya sukari kijiko kwa kijiko, huku yule mwalimu wa nasari ananiitia pikipiki. Kule zahanati walituambia sukari ilikuwa imeshuka vibaya, na kwamba tumewahi.

Kesho yake wote walikuja kumwona. Mwuza mboga alisimama mlangoni, hakutaka kuketi.

"Mimi ndiye nilimpa cha kwanza," akasema. "Sikubonyeza."

"Kwa nini, dadangu?"

"Nimechoka kuitwa Mama Nyota. Nilikuwa namsaidia mama, sikuwa natafuta cheo."

Mwalimu wa nasari akamvuta mkono, akamketisha karibu naye. "Si wewe peke yako," akasema pole pole. "Hata mimi siku zingine nilikuwa sibonyezi."

Mwingine akasema hata yeye. Nikashangaa, rafiki yangu. Nilidhani tuna shida ya uvivu, kumbe kazi ilikuwa inafanywa na inafichwa!

Apu ya pili nilikuwa nayo tangu darasani, sikuipenda. Kijivu tupu. Haina picha, haina nyota. Ukibonyeza, kiduara kinajaa na kazi inachorwa mstari, basi. Haisemi ni nani. Nikampigia mume wangu simu.

"Baki na ile ya majina," akaniambia. "Siku mambo yakiharibika utajua umshike nani."

"Na wakiona aibu wasibonyeze?"

"Sasa hiyo nyingine, mtu akibonyeza uongo?"

Alikuwa anaongea juu ya mama yake mzazi. Ndipo nikafunga na kuomba. Sikusikia sauti wala sikuota ndoto. Nilijikuta tu nawaza wale wanawake mmoja mmoja, nikajiuliza ni nani kati yao angedanganya juu ya dawa ya mama. Sikumpata. Nikaifuta ile ya nyota, nikawaalika kwa ile ya kijivu.

Nikawaambia sharti moja tu: chupa ya dawa isiguswe kabla hujaangalia kiduara, na ukishampa, bonyeza ukiwa bado umesimama mbele yake. Wakakubali. Viduara vikaanza kujaa kila jioni, na mimi nafanya hesabu zangu kwa amani.

Halafu ikaja ile jioni ya maji. Mifereji yetu ilikuwa imekauka siku nyingi, wewe ukikaa hapa unajua. Tuko darasani, tukasikia mayowe huko nje, "Maji yamekuja!" na mitungi inagongana. Najua foleni ya mfereji wetu. Ukitoka, nafasi yako imeenda, na maji yanaweza kukatika hata kabla hujarudi mwisho wa mstari. Nikasema moyoni, leo hakuna atakayeenda kwa mama, na siwezi kumlaumu mtu. Nikaanza kukusanya vitabu. Mkono mmoja unafunga mkoba, mwingine umeshika simu.

Kiduara kikajaa.

Nilisimama pale nakitazama. Mwalimu akauliza, "Mama, kuna shida?" Mtu ameacha maji. Ameweka mtungi wake chini, ametoka kwa foleni, ameenda kumpa mama wa mwenzake kidonge na chakula, na amechagua nisijue ni nani. Nimeingia makanisa makubwa, nimesikia kwaya za mamia ya watu, lakini sijawahi kuogopa kwa heshima namna ile. Nikaketi, nikamalizia somo.

Nyumbani nilimkuta mama ameshiba, mdomo umefutwa.

"Nani alikuja, mama?"

"Mtu mzuri," akasema. "Mikono yake ilikuwa na maji."

Asubuhi kulipokucha nilishikwa na tamaa ya kupita nyumba kwa nyumba niangalie mitungi ya nani iko mitupu. Nilifika hadi mlangoni. Nikarudi ndani nikawasha jiko, nikampikia mama uji. Hadi leo sijui, na masomo yangu sijaacha.

Nakuomba kitu kimoja. Bila shaka unamjua mtu anayeuguza mzee nyumbani na anaona lazima aache kila kitu chake. Mpelekee hii habari. Msomee wewe mwenyewe kama hana muda wa kusoma.