Visu Vilivyokuja kwa Posta

Juzi, kwenye foleni ya posta hapa Busia, mama mmoja muuza samaki alifungua kifurushi chake palepale kaunta. Alikuwa ameagiza visu vya bei rahisi baada ya kuviona pichani gazetini.

Sokoni, akina mama wa samaki hawanunui kisu bila kukigonga kwenye jiwe na kukikunja kidogo kwa kidole gumba. Huyu naye akakikandamiza kimoja pale kaunta. Kikapinda, kikabaki hivyo.

"Mama, hapa si sokoni," karani akasema.

"Ingekuwa sokoni, boss, muuzaji angebaki nacho, akile nacho ugali leo."

"Lakini kinafanana na picha."

"Kinafanana. Sasa picha ningeigonga na jiwe gani?"

Foleni ikacheka. Yeye akakaa kwenye benchi karibu nami, akajaribu kukinyoosha kwa goti. Kikapinda upande wa pili. Nikamuuliza kwa nini asitumie kisu chake cha zamani.

"Nilimpa wifi yangu. Nikamwambia, shika hiki cha fundi wa Malaba, mimi nangoja cha kisasa."

Na kesho yake asubuhi alikuwa na mbuta, wale samaki wakubwa wa ziwani, wa kupasua, na wateja hawangoji.

Tunachoka kwa kazi, halafu tunachoka tena kwa vitu tulivyonunua ili tupumzike. Akavifunga visu vyake kwa karatasi ileile.

"Dada," akaniuliza, "ukirudia kitu ulichokitoa kwa maringo, unaanza na salamu gani?"

Nikamshikia kifurushi, akafunga leso.