Marafiki, Wawili Tu

Tulioana Cape Town, katika ofisi ya serikali yenye mapazia ya kijani, wanawake wawili wa Nyanda za Juu tuliokwenda kusoma. Tulirudi kwa basi. Kabla ya kuvuka mpaka wa Tunduma tulivua pete tukazifukia ndani ya kopo la mafuta ya kujipaka. Upande wa pili wa geti tulikuwa dada wawili waliopanga chumba kimoja Mbeya, na ndivyo tulivyobaki hadi mapafu ya mwenzangu yalipochoka.

Alizikwa kwao, Kilolo. Kabla ya safari nilimuuliza wakili kama cheti chetu cha kule kingenipa nafasi yoyote msibani. Alikisoma taratibu, akasema kukionyesha hapa ni kujishtaki mwenyewe.

Sikutaka mirathi. Nilitaka kuweka shada la kwanza. Kwao kaburi likishafukiwa watu huitwa kwa makundi: kwanza mume au mke, halafu watoto, wazazi, ndugu, majirani, na mwisho kabisa marafiki.

Asubuhi nilikaa na kina mama kumenya viazi, machozi yakinitoka bila kelele. Shangazi yake, mcheshi wa ukoo, alinitazama.

“We dada, mumeo akifa utalia nini? Umeshayamaliza yote hapa.”

Wakacheka. Nami nikacheka.

Mama yake peke yake ndiye aliyejua. Aliniita chumbani, akanifunga vizuri kitenge kilichokuwa kikinilegea, na kwa wema huo nikathubutu kumuomba niitwe wa kwanza. Alilikaza fundo la kitenge.

“Mwanangu, leo nazika mtoto. Usinizikishe na jina lake. Utaenda na marafiki.”

Makaburini ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye misonobari. Mwongoza ratiba alitazama mbingu, akaanza kufupisha mambo. Alisema marehemu hakujaliwa ndoa wala watoto, akawaita wazazi. Wakaja ndugu. Wakaja majirani.

“Marafiki, mvua hiyo. Chagueni wawili tu wawawakilishe.”

Tulikuwa wengi. Wakageukiana, wakanong’onezana. Walimchagua kaka mmoja aliyesoma naye sekondari, na dada wa kwaya aliyeimba naye tangu utotoni. Hawakuwa na ubaya wowote. Dada yule hata aliniuliza, kwa upole, nilimfahamu marehemu tangu lini.

“Tangu chuo,” nikasema.

“Aa, kumbe wewe ni wa juzi tu.”

Aliona shada mikononi mwangu, akanyoosha mkono. “Lete nikupelekee.”

Nilimpa. Alilibeba pamoja na la kwake, akaliegemeza miguuni, kwa sababu kichwani na ubavuni palikuwa pameshajaa. Kisha tukaambiwa tuimbe, na mvua ikaanza, na watu wakaimba huku wakielekea kwenye magari.