Siku Baba Alipokuja Kula kwa Mkwewe

Ukishuka bodaboda pale Chapwa, harufu itakupokea kabla hujauona mgahawa wa wifi yangu Atuganile. Ni harufu ya mifupa ya ng'ombe iliyochemka tangu alfajiri pamoja na mdalasini na tangawizi iliyobabuliwa juu ya mkaa. Madereva wa malori wanaongoja kuvuka mpaka wa Zambia huifuata hiyo harufu, wengine hata hawajui wanachokwenda kula.

Upishi wenyewe wifi aliupata Vwawa, kwa mafundi wa Kivietinamu waliokuja kusimamisha minara ya simu. Aliajiriwa kufua nguo. Mpishi wao, mama mmoja mfupi aitwaye Lan, hakuwa na Kiswahili, naye wifi hakuwa na Kivietinamu, basi wakawa wanaelewana kwa vijiko na kuonjeshana. Mafundi walipoondoka, wifi alibaki na ujuzi na sufuria moja kubwa kuliko mtoto wa darasa la pili. Leo anauza supu yenye tambi za mchele na nyama ya ng'ombe wa Momba iliyokatwa nyembamba, anauza chapati iliyokunjiwa samaki wa Rukwa na karoti za siki, na kahawa ya Mbozi anaichuja taratibu juu ya maziwa ya kopo na barafu. Mimi naitwa Sekela, dada wa mumewe. Kazi yangu ni kupeleka bakuli mezani, na kwa kuwa mdomo ninao, wateja hawanizoei ovyo.

Lan alimfundisha kwamba sufuria hukaa mbele, mteja aone anachopikiwa. Hilo la sufuria kukaa mbele ndilo lililofika Itumba kwa baba yangu, Mzee Asajile.

Sisi ni Wandali. Katika ukoo wetu mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Mke akimsikia mkwe anakuja, hupisha njia. Hasemi naye, na chakula hampi kwa mkono wake. Vijana wengi wameshaacha. Baba hajaacha, na wifi, pamoja na ujanja wake wote wa mjini, naye hajaacha. Tangu aolewe, chakula cha baba kilipitia kwa mama au kwangu.

Basi baba akampigia simu kaka yangu Gibson, aliyekuwa Ndola na lori. "Nasikia mke wako anapika barabarani na kila mpita njia anamtazama. Nakuja Jumamosi. Nikikuta ni kweli, narudi naye Itumba akalime."

Wifi hakula siku mbili. Mgahawa ule ndio maisha yake, na neno la baba kwetu halina rufaa. Tulinunua pazia, tukapanga kulitundika Ijumaa jioni. Baba akatokea Ijumaa mchana, meza zote zimejaa.

Nilimwona mlangoni na koti lake la kanisani. "Shikamoo, baba," nikasema kwa sauti ya kutosha watu watatu. Nilipogeuka, wifi hayupo. Alikuwa amechuchumaa chini ya kaunta, kitenge kimemfunika mpaka kichwani.

Baba akachagua kiti kinachotazama sufuria moja kwa moja. "Leta hicho mnachouza."

Ikabidi nipike mimi. Wifi ananinong'oneza kutoka miguuni kwangu: tambi kwanza, sasa nyama, mchuzi uwe unatokota, siyo hivyo wewe. Nikaungua kidole. Huku nyuma dereva mmoja wa Zambia anapiga meza, "Bamayo, mama, supu yangu iko wapi?" Nilimpelekea baba bakuli, pembeni kisahani cha ndimu, majani ya kunukia na pilipili. Akavisukuma kando, akaonja supu tupu.

"Hii ni maji ya moto," akasema.

Nilishamwona wifi Itumba, jembe begani. Ndipo sauti ikatoka chini ya kaunta.

"Wifi, mwambie baba hajakamua ndimu."

Baba alisikia kama sisi wote tulivyosikia, lakini alinigeukia mimi. "Sekela, mwulize, ndimu kwenye supu ya nyama kuna nini?"

"Wifi, baba anauliza..."

"Mwambie ndimu inaamsha mchuzi. Halafu akate majani kwa mkono, atie na pilipili kidogo. Asikoroge sana."

"Mwulize kidogo ni kiasi gani."

"Mwambie ya mtu mzima."

Madereva wakaangua kicheko. Baba hakucheka, ila alikamua ndimu, akakata majani, akatia pilipili ya mtu mzima. Akanywa. Akanywa tena. Jasho likamtoka, akavua koti, na baba yangu havui koti hata kwenye harusi. Nilikuwa nimebana sinia kifuani, nataka kuruka na ninaogopa kupumua.

Aliponyanyua macho aliona meza zilizojaa watu wasio na bakuli. "Hawa wanangoja nini?"

"Wanamngoja mpishi, baba."

"Yuko wapi?"

"Yuko chini. Hawezi kusimama ukiwa umekaa hapo."

Akaitazama sufuria, akawatazama wale madereva. Kisha akainuka. Nilidhani anakwenda kuagiza mizigo ifungwe. Akashika kiti chake, akakigeuza kikatazama ukuta, akakaa akiwa ametupa mgongo.

"Mwambie mke wa kaka yako nimeshageuka," akasema. "Watu wana njaa."

Wifi akasimama. Magoti yamekufa ganzi, kitenge kimekaa upande, lakini mikono ilikwenda kwa kasi ambayo sijapata kuiona, tambi, nyama, mchuzi, bakuli linatoka, jingine linaingia. Furaha ilinichanganya mpaka nikampa dereva wa Zambia supu ya mtu mwingine, naye akaila yote.

Tukiwa katikati ya hekaheka, bakuli tupu likapanda juu ya bega la baba. Hakugeuka. Alilishikilia tu pale nyuma, kwa mikono miwili.

"Sekela, kesho narudi Itumba na gari la kwanza. Peke yangu. Niongezeeni, na tambi ziwe nyingi."

Nikanyoosha mkono nilipokee. Wifi akanizuia. Akatoka nyuma ya kaunta na upawa umejaa, akasogea mpaka mgongoni kwake, akamimina ndani ya lile bakuli taratibu bila kumwaga tone.

Baba akalishusha mapajani. "Asante, mama," akasema, na safari hii hakunituma mimi.