Namba Ndogo Chini ya Mshale

Alhamisi, tarehe 6 Februari. Jua limefifia nyuma ya vumbi tangu asubuhi, na majivu ya nyasi zinazochomwa upande wa Manibe yanaanguka uani polepole, meusi, mepesi, bila upepo wowote.

Naandika leo hii hii, kwa sababu nikingoja kesho nitaanza kuongeza. Shule niliishia darasa la saba, na kumbukumbu zangu mwenyewe siziamini sana.

Kazi yangu ni kutengeneza saa na mita za magari. Marehemu baba alikuwa fundi wa jeshi, ndiye alinifundisha. Wiki iliyopita mwanamume mmoja wa Koboko alinipigia simu. Kaka yake alifariki na kuacha gari ya mbio ya zamani, ya viti viwili, yenye mita za duara kama saa za ukutani. Mishale haifanyi kazi, na mnunuzi anakuja kesho Ijumaa.

"Fundi, mimi nataka mishale itembee tu," alisema. "Mengine usiulize."

Sikuuliza.

Nilifika Koboko saa nne. Gari iko chini ya kibanda cha mabati, nyuma ya nyumba ya mjane. Yeye eda yake inaisha kesho, kwa hiyo hajatoka nje ya boma miezi minne na zaidi. Alikaa kwenye mkeka karibu na mimi, kitambaa cheupe kichwani, akaniangalia nikifungua skrubu za dashibodi.

Betri ilishatolewa zamani. Hata hivyo mshale wa spidi ulikuwa umesimama kwenye sitini. Gari imezimwa, matairi hayana upepo, lakini ukitazama kile kioo utasema kuna mtu anaendesha.

"Hiyo haijashuka tangu siku ile," mjane akasema. "Kila asubuhi nakuja kuangalia. Iko inatembea tu."

"Ni mafuta, mama. Yakikauka yanakuwa kama gundi."

"Sawa. Wewe ndio fundi."

Nilitoa mita zote nikazipanga juu ya mkeka. Halafu nikafanya kile mkono wangu hufanya kila siku bila kufikiri: nikafunga drili ya mkono kwenye shimo la waya wa spidi, nikazungusha mpaka hesabu ya hamsini, nione kama mshale utacheza. Ulicheza. Sikutazama kitu kingine.

Nilipoinua kichwa, mshale wa joto ulikuwa unapanda. Haukuwa na waya hata mmoja. Kusema haki, ndani yake kuna kibati kinachojikunja kikipata joto, na siku ilikuwa ya joto. Nikaihamisha mita kivulini. Ukaendelea kupanda, polepole, mpaka pale husimama injini iliyotoka safarini. Sikuwa na hakika kama kilikuwa kivuli cha kutosha.

"Zile namba ndogo chini ya mshale," mjane akasema, "umezigusa?"

Nikamwuliza kwa nini. Ndipo akanieleza, na mimi naandika kama alivyosema, kadiri ninavyokumbuka.

Mume wake alikuwa dereva wa jeshi. ("Mwanajeshi gani! Lori ya maji tu," alisema, akacheka kidogo.) Namba zile huhesabu kilometa za safari, na jeshini alizoea kila safari ianze na sifuri. Kabla ya kutoka nyumbani lazima ainame, azungushe kitufe cha mita, namba ndogo zirudi zote. Siku ya mwisho waligombana asubuhi. Akamwambia anahamia kwa mke mdogo, Arua, Mvara, na hatarudi. Alasiri watu wakamkuta nusu ya njia, amekufa juu ya usukani, gari imesimama. Waliisukuma pembeni, na kila mmoja alitaja upande tofauti ilikokuwa inatazama, Arua au Koboko.

"Mwenzangu wa Mvara alituma maneno. Anasema alifika, alikunywa chai, akasema ngoja nirudi nikaombe msamaha. Maneno matamu namna ile, mimi nilijua ameyapika. Yeye pia yuko kwenye eda, hatujaonana. Kesho watu watatukalisha pamoja na nitamwangalia usoni. Nataka kujua kabla."

Kioo kilikuwa na ukungu kwa ndani sehemu ya chini, hakuna aliyeweza kuzisoma namba. Na kesho gari inakwenda.

"Kutoka hapa mpaka kwake ni hamsini na tano," akasema. "Alikuwa ananiambia hivyo hivyo, kama mtu anayehesabu mbuzi."

Basi hesabu ni rahisi hata kwangu. Kama alikufa akienda, namba haifiki thelathini. Kama alifika na kugeuza, inapita themanini.

Nilimwambia kwanza kosa langu, kwamba nimeizungusha kwa drili. Uso wake ulibadilika. Nikamwambia pia kwamba mizunguko ile haimalizi hata nusu kilometa, nimeshaipima kwa mita nyingine. Kisha nikatoa kioo bila kugusa kitufe, nikafuta namba kwa pamba.

Mia moja na kumi.

Nilisoma mara tatu. Mia na kumi ni kwenda Mvara na kurudi mpaka mlango huu huu.

"Lakini hakufika," nikasema. "Labda gari ilivutwa kwa kamba kutoka kule. Magurudumu yakizunguka, namba nazo zinatembea."

Nikampigia simu shemeji yake, yule aliyenipa kazi.

"Kamba? Nani alisema kamba?" akauliza. "Tuliipakia juu ya lori, mimi mwenyewe nilishika mlango. Fundi, unatengeneza mita au uko polisi?"

Mjane alikuwa ametulia. "Siku ile alasiri niliisikia ikiingia," akasema. "Ngurumo yake naijua. Nikaweka maji ya kuoga motoni. Nikatoka, uwanja mtupu."

Kwa haki ilinibidi niseme jambo moja zaidi, na halikuwa jambo zuri. "Mama, mtu mwenye hasira anaweza kusahau kuirudisha sifuri."

"Aliinama. Nilikuwa mlangoni. Nilidhani anatafuta neno la kuniambia."

Basi. Iwe kamba, iwe lori, kilometa alizoendesha mwenyewe haziwezi kuwa chini ya themanini. Mwenzake alisema kweli. Hizo nyingine ishirini na nane, za nusu ya njia iliyobaki mpaka hapa, sijui zimetoka wapi, na siandiki kwamba najua.

Nilisafisha, nikatia mafuta mapya, nikarudisha kila kitu mahali pake. Mshale wa spidi ukalala kwenye sifuri. Ule wa joto nao ulikuwa umeshuka, ingawa saa nane joto lilikuwa kali kuliko asubuhi. Namba ndogo niliziacha. Hakuna aliyeniambia nizirudishe.

Mjane alifunga samaki wakavu wa angara katika magazeti mawili. "Hii yako. Hii mpelekee wa Mvara. Mwambie nimesema asante kwa chai."

Niliporudi Arua nilipita Mvara kwanza. Mke mdogo alikuja mpaka mlangoni, naye kitambaa cheupe, mdogo kuliko nilivyodhani. Nikampa salamu kama zilivyo.

"Amesema chai?"

"Ndiyo, mama. Asante kwa chai."

Akakaa chini pale pale kizingitini na samaki mapajani, akaanza kulia bila sauti. Sikujua kama niondoke au nikae. Nilikaa kidogo.

Hapa nyumbani Onduparaka nimemsimulia mama yangu yote, pamoja na zile ishirini na nane. Akasema, "Kula kwanza." Tumekula ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama, na angara wa Koboko waliopikwa kwa simsim.