Tembo wa Jiwe na Maboga ya Shangazi

Mume wa shangazi yangu Yustina aliuawa na tembo akilinda mahindi yake huko Ulyankulu. Habari ilinikuta India, nilikokwenda kusomea sanamu za kale za Kibudha, na mazishi yakapita bila mimi. Niliporudi Dar es Salaam sikukaa. Nilipanda treni kwenda kutoa pole.

Baada ya Manyoni, miombo ilitusindikiza pande zote mbili. Huku ndiko ilikopita misafara ya zamani, watu wakibebeshwa pembe za ndovu hadi pwani. Kwenye simu nilikuwa na picha za sanamu: simba wakilinda kiti cha Budha, paa wawili wamelala wakimsikiliza, na tembo. Tembo wengi mno. Niliazimia shangazi asizione.

Tabora nililala kwa Bi Zuhura, mama wa rafiki yangu, mwenye ukoo uliotoka Omani. Nilipomweleza safari yangu, aliacha kumimina kahawa.

"Babu zetu walitajirika kwa pembe," alisema. "Hatujawahi kukaa tukalizungumza." Akanipa kanga mpya nimpelekee mfiwa.

Ulyankulu nilifika mchana, vumbi jekundu mpaka kwenye kope.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa, lakini umefika."

Tulilia. Jioni alitaka kuona nilichokuwa nakisoma. Nikasema simu imeisha chaji.

"Usinifiche kitu. Mimi si mtoto."

Aliishika mwenyewe. Akafika kwenye tembo aliyepiga magoti, mtu anamkata pembe kwa msumeno.

"Huyu anafanywa nini?"

Nikamweleza: waliomchonga waliamini kuwa tembo huyo ni Budha mwenyewe, katika maisha aliyoishi kabla ya kuzaliwa mtu. Mwindaji alimchoma mshale wa sumu, naye hakulipiza. Alipiga magoti ili pembe zikatwe kwa urahisi. Ni ishara ya subira.

"Wa kwetu hakupiga magoti," alisema. "Na huyo mwindaji alitumwa na nani?"

"Na malkia mwenye kinyongo. Alipoletewa pembe, moyo ulimpasuka, akafa."

Akanirudishia simu.

Asubuhi shemeji yake, Edward, ndugu wa marehemu, alikuja na gunia tupu. Wanaume walikuwa wamepatana kutia sumu kwenye maboga na kuyaacha kwenye njia ya tembo, na maboga mengi yalikuwa shambani kwa shangazi.

"Shemeji, chukua ya kula," shangazi alimwambia. "Ya sumu sitoi."

"Ina maana umemsamehe?"

"Sijamsamehe. Nikiona nyayo zake natetemeka. Lakini sitaki kukaa hapa nasubiri kuletewa habari ya mzoga."

Edward akakunja gunia, akaketi. Siku zilizofuata alitusaidia kuzungushia shamba kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu, harufu inayowafukuza tembo. Alfajiri moja tulikuta nyayo zimefika kwenye kamba, zikageuka. Shangazi aliinama, akaweka kiganja chake ndani ya unyayo mmoja, akakiacha hapo huku machozi yakimtoka.

Nimerudi Dar es Salaam kufundisha. Zamani niliwaambia wanafunzi kwamba tembo wa jiwe maana yake ni subira, basi, tukaenda kwenye sanamu nyingine. Siku hizi nawaambia kwamba waliomchonga waliishi karibu na tembo. Walikuwa na mashamba. Walikuwa na wafu wao.